Bei ndogo inatoka wapi: hesabu za Walmart kwa wenye maduka Arusha na Moshi

Duka moja la jumla pale soko la Kilombero, Arusha, likishusha bei ya sukari, la jirani nalo linashusha zaidi, na mwezi haujaisha wote wawili wanasema biashara imekufa. Kilichokosewa ni hesabu. Bei ndogo hutengenezwa stoo, kwenye gari la mzigo, kwenye mkataba wa fremu, na kwenye namna unavyomlipa anayebeba gunia. Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, imelithibitisha hilo kwa ukubwa ambao hakuna duka lingine limeufikia. Imeonyesha pia mahali ambapo bei ndogo hugeuka dhuluma, na mwenye duka anahitaji kuzijua pande zote mbili.

Sam Walton, mwanzilishi wa Walmart, alianza na duka dogo Newport, Arkansas, mwaka 1945. Hesabu aliyoishikilia maisha yake yote ni hii: bidhaa umeinunua kwa senti 80. Ukiiuza dola 1.20 unapata senti 40. Ukiiuza dola moja unapata senti 20 tu, lakini ukiuza mara tatu zaidi, faida yako kwa jumla imezidi kwa nusu.

Ifanye hesabu hiyo kwa sukari. Tuseme unapata faida ya shilingi 6,000 kwa gunia na unauza magunia 30 kwa mwezi: 180,000. Ukiteremsha faida hadi 4,000, lazima uuze magunia 45 ndipo urudi pale pale ulipokuwa. Na wengi husahau kuli. Kama kushusha na kupanga kunakula 500 kila gunia, faida halisi ilikuwa 5,500 na sasa ni 3,500, kwa hiyo unahitaji magunia 48. Ukishusha bei ukaishia magunia 40, umejiongezea kazi ya kubeba na kujipunguzia kipato. Hesabu hii ifanyike kabla ya kubandika bei mpya, si baada.

Kwa sababu hiyo, teremsha bei kwenye vitu ambavyo mteja hununua kila wiki na bei yake anaijua kichwani: sukari, sembe, mafuta ya kula, sabuni, chumvi. Chupa ya chai au sufuria ikae na faida yake ya kawaida, maana hakuna anayenunua sufuria tatu kwa kuwa umepunguza elfu moja.

Kinachobeba mchezo wote ni mzunguko, yaani siku ambazo mzigo hukaa stoo kabla ya kuuzwa. Chukua thamani ya mzigo ulioko stoo kwa bei ya kununulia, gawa kwa thamani ya mzigo uliouza mwezi huo, nayo kwa bei ya kununulia, kisha zidisha kwa siku 30. Stoo ya milioni 12 na mauzo ya milioni 24 ni siku 15, na kwa duka la vyakula hapo si pabaya. Kitu kilichokaa siku 60 kiuze hata kwa bei ya kununulia, fedha ihamie kwenye sukari, na usikiagize tena. Inauma, lakini mtaji uliolala unaendelea kulipiwa kodi ya pango.

Walmart ya kwanza ilifunguliwa Rogers, Arkansas, Julai 1962, na mwaka 1970 kampuni ilianza kuuza hisa kwa umma. Ilikua kwa kuyapanga maduka kulizunguka ghala moja, kiasi kwamba lori hufika kwenye duka na kurudi ndani ya siku moja. Eneo likijaa ndipo inasogea mbele. Mwenye duka Arusha anayetaka tawi la pili aangalie Tengeru, Usa River au Ngaramtoni. Wa Moshi aangalie Himo au Boma Ng'ombe. Canter moja, dereva mmoja, stoo moja. Kosa linalorudiwa ni kukimbilia mkoa wa mbali kwa sababu fremu kule ni nafuu; nafuu hiyo yote huishia kwenye mafuta ya gari na kwenye mzigo unaopungua njiani.

Neno moja kuhusu fremu. Mwaka 1950 Walton alilipoteza duka la Newport likiwa linafanya vizuri, kwa sababu mkataba wake wa pango haukuwa na kipengele cha kuuhuisha. Kabla ya kutoa kilemba, yaani fedha ya kuingilia fremu, hakikisha mkataba unasema kwa maandishi kwamba una haki ya kuendelea, kodi itapandaje, na notisi ni miezi mingapi.

Sasa tuje kwenye gharama ambayo haionekani kwenye kibao cha bei. Mwaka 2008 Walmart ilikubali kumaliza kesi 63 za wafanyakazi waliodai kufanyishwa kazi bila malipo na kunyimwa mapumziko, kwa kiasi kinachoweza kufika dola milioni 640. Miaka minne nyuma ilikuwa imeripotiwa kwamba baadhi ya maduka yake yalikuwa yakiwafungia ndani wafanyakazi wa usiku. Huku kwetu tabia hiyo ipo: vijana wanapanga mzigo usiku, mwenye duka ameondoka na ufunguo. Moto ukizuka hakuna pa kutokea. Lazima ufunguo mmoja ubaki ndani, kwa mtu anayejulikana.

Sheria yetu ya kazi inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya kupumzika saa moja. Duka linalofunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa tatu usiku ni saa 14, kwa hiyo panga zamu mbili na daftari la kusaini kuingia na kutoka. Kama bei yako inasimama tu pale muuzaji anapofanya saa 14 kwa mshahara wa 9, basi punguzo unalojivunia analilipa yeye.

Kwa wauzaji wa mzigo ni vivyo hivyo. Usinunue kitunguu cha Mang'ola kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Ni kosa kisheria, na kilo zinazozidi ni jasho la mkulima ulilolichukua bure. Nunua kwa kilo, kwenye mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Mali kauli, yaani mzigo uliochukua kwa mkopo, nayo ilipwe siku mliyokubaliana. Wakazi wa Arusha wanakumbuka supamaketi ya Shoprite ilivyoondoka na Nakumatt ikachukua nafasi yake mwaka 2014, kisha Nakumatt yenyewe ikaanguka: madeni ya wauzaji yalirundikana, wakaacha kuleta mzigo, rafu zikabaki tupu. Kwa mwenye mzigo, duka linalolipa kwa wakati ndilo la kupewa bei nzuri, kwa kuwa haongezi kitu cha kufidia hofu yake.

Vibali na leseni vilipiwe kwa kumbukumbu namba (control number), si kupitia vishoka. Mwaka 2019 Walmart ililipa zaidi ya dola milioni 282 kumaliza tuhuma za rushwa kwenye biashara zake za nje, na sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa watu wa kati ambao hakuna aliyewafuatilia.

La mwisho ni upotevu. Wengi hukata mshahara kila mzigo unapopungua. Sheria hairuhusu kukata kiholela: kosa lithibitishwe, mfanyakazi asikilizwe, akubali kwa maandishi, na jumla ya makato isivuke robo ya mshahara. Walmart ilipata njia bora zaidi, ya kugawana na wafanyakazi fedha iliyookolewa pale upotevu unapopungua. Chagua bidhaa kumi zinazotembea haraka, zihesabu kila Jumatatu kabla ya kufungua, linganisha na daftari la stoo na risiti za EFD, mashine ya risiti za kodi. Kama upotevu ulikuwa 200,000 kwa mwezi na sasa umeshuka hadi 80,000, umeokoa 120,000. Wape wafanyakazi 60,000 wagawane sawa, wakiwemo wa stoo na mlinzi, na kiasi hicho kiandikwe ukutani stoo kila mwisho wa mwezi, hata mwezi ambao ni sifuri.