Bima ya teksi mtandao inamhusu na abiria

Hapa Mbeya ukimwambia mtu kwamba bima ya gari alilopata nalo ajali inamhusu na yeye, anakuangalia kama unamtania. Wengi tunaamini bima ni ya mwenye gari: anakata ili trafiki wasimsumbue, basi. Kumbe hata hii tunayoiita bima ndogo, ambayo ni ya lazima chini ya Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, haimtengenezei mwenye gari hata taa. Kazi yake ni kuwalipa wengine aliowaumiza, na abiria aliyelipa nauli yumo.

Mimi nilivunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, kwenye mlima Iwambi, nikitoka uwanja wa ndege wa Songwe kwa teksi mtandao. Ukungu, ujenzi wa njia nne, dereva akataka kulipita lori. Anayeijua barabara ya TANZAM, hii kuu ya kwenda Zambia, hahitaji kusimuliwa yaliyobaki.

Ushauri wangu unaanza kabla gari halijaondoka. Madereva wana ombi lao: "Dada, kata safari huko kwenye simu, utanipa hela mkononi, hawa watu makato yao makubwa." Ninawaelewa, makato yanauma kweli. Lakini usikubali. Swali la kwanza nililoulizwa na kampuni ya bima lilikuwa: wewe na dereva mnafahamianaje? Walitaka nionekane rafiki aliyepewa lifti. Nikawafungulia simu: safari hii hapa, saa, namba ya gari, nauli. Hawakuliuliza tena. Ningekuwa nimekata safari, ningebaki na maneno matupu.

Ukiweza kushika simu baada ya ajali, au ndugu yako akufanyie, ingizeni namba ya gari kwenye mfumo wa kuhakiki stika za bima wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Mtaona bima ni ya kampuni gani na inaisha lini. Ulizeni pia imekatwa kwa matumizi gani, maana gari lenye bima ya matumizi binafsi halafu linabeba abiria kwa nauli linaipa kampuni sababu ya kukuzungusha. Pigeni picha ya skrini siku hiyo hiyo.

Halafu PF3, fomu ya polisi ambayo daktari anaijaza majeraha yako. Mgonjwa mahututi atibiwe kwanza, ndugu wafuate fomu polisi, lakini isikosekane. Na ikishajazwa, isome. Yangu iliandikwa "maumivu ya bega", wakati picha ya eksirei inaonyesha mfupa umekatika vipande viwili. Nilimrudia daktari na mkono wangu kwenye kombeo, nikamwomba aandike kilichoonekana kwenye picha. Hakubisha, siku ile ya ajali alikuwa na foleni ndefu, na picha ilikuwa bado haijatoka. Kwa kampuni ya bima, maumivu ya bega na mtulinga uliovunjika ni hela mbili tofauti kabisa.

Sasa nije kwenye jambo linalowakosesha watu haki zao kuliko yote: kumalizana. Baba mdogo wa dereva alikuja nyumbani na mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu, bahasha, na karatasi iliyoandikwa tayari kwamba sina dai lolote. Mzee wa heshima, anaongea kwa upole, kijana wake ana watoto. Nilimwamkia, nikampikia chai. Ndizi nilizipokea, karatasi sikusaini. Nilimweleza kwamba anayetakiwa kunilipa ni kampuni ya bima, ambayo kijana wake ameshailipa ada, na kwamba tukimaliza kienyeji yeye ndiye ataumia mfukoni bure. Hilo lilimwingia. Baadaye dereva mwenyewe ndiye aliyenisaidia kujaza fomu ya kutoa taarifa kwa kampuni yake.

Fuatilia pia kesi ya trafiki mahakamani. Watu huiacha wakidhani ni ya serikali na dereva. Ni kweli, lakini dereva akikutwa na hatia, nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama ndiyo inayoonyesha nani alikosea, na kampuni itakuomba hiyo pamoja na ramani ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari. Vishoka wanaojipitisha wodini wakidai watakufuatilia kila kitu kwa nusu ya fidia, wasikilize halafu waambie walale salama. Kama dai ni kubwa, kuna kifo au ulemavu wa kudumu, tafuta wakili mwenye leseni.

Risiti zote tunza, hata za bajaji ya kwenda kliniki. Utakapoletewa hati ya kukubali malipo, soma kama inasema ni malipo ya mwisho. Ukishasaini, mguu ukianza kuuma mwakani ni wako. Mimi niliirudisha ya kwanza, nikasubiri daktari aandike kama mkono umepona kabisa.

Wakikuzungusha, TIRA wana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa asiyetaka kuanzia mahakamani. Ila usilale: muda wa kufungua madai ya namna hii mahakamani ni miaka 3.

Kwa sisi wa barabara ya Tunduma kuna jingine. Aliyekosea anaweza kuwa lori lenye namba za Zambia au Kongo. Usikate tamaa ukidhani litavuka mpaka na fidia yako. Malori hayo hutembea na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya magari yanayovuka mipaka, na Tanzania imo kwenye mpango huo, kwa hiyo dai linashughulikiwa hapa nchini. Piga picha ya kadi hiyo na namba za kichwa na za tela, kwa sababu mara nyingi hazifanani.