Spider-Man ya 2018: chukua tu

Ndugu, umeuliza kama gemu ya video ya Marvel's Spider-Man ya 2018 bado inafaa kununuliwa, maana unahofia kazi za pembeni zitakuchosha. Chukua. Mimi hadithi ndiyo iliyoninasa: Peter Parker, ndiye Spider-Man mwenyewe, ana miaka 8 ya kuvaa kinyago, kodi ya chumba inamshinda, na mwanasayansi Octavius bado ni bosi wake anayemheshimu.

Kwenye mapigano, jifunze kukwepa kwanza. Ukiona mistari myeupe juu ya kichwa cha Spider-Man, bonyeza kitufe cha duara (kidhibiti cha PlayStation), ndipo umgandishe jamaa ukutani kwa utando. Ukibonyeza mraba, kitufe cha kupiga, ovyo, wenye bunduki watakumaliza.

Kwenye kazi za pembeni, mabegi 55 ya Peter yaliyofichwa mjini okota ukiwa njiani. Kazi ya kuwakamata njiwa wa Howard, mzee asiye na makazi, usiiruke! Maficho ya majambazi yanajirudia mno. Sehemu za kunyatanyata unazocheza kama MJ (Mary Jane, rafiki wa Peter), vumilia.