Njia za Changarawe za Costa Brava: Ushauri kwa Waongozaji Wapya

Mgeni anayekabidhiwa kazi ya kupanga njia ya baiskeli za changarawe (zile zinazotengenezwa kwa ajili ya njia zisizo na lami) katika Costa Brava, yaani pwani ya Catalonia inayoanzia Blanes hadi Portbou kwenye mpaka wa Hispania na Ufaransa, karibu kila mara huanza kwa kufungua ramani na kuchora mstari unaoambaa na bahari. Anaeleweka, kwa sababu wateja wamelipa nauli ili waione bahari hiyo. Hata hivyo, njia ya namna hiyo haiendesheki, na ushauri wangu wa kwanza, ambao mengine yote nitakayoyasema yanautegemea, ni kwamba njia nzuri ya pwani hii hupita nyuma ya pwani, ndani ya vilima, na kuteremkia baharini mara mbili au tatu tu kwa siku.

Sababu iko katika umbo la nchi yenyewe. Sehemu kubwa ya vilima vya hapa huishia majini kwa majabali, na katikati ya majabali hayo ndimo zilimo ghuba ndogo ambazo wenyeji huziita cala. Kinachoambaa na majabali ni camí de ronda, njia ya miguu iliyokuwa ikitumiwa na walinzi wa pwani kuwasaka wafanya magendo, yenye ngazi nyingi, vipito vilivyotobolewa mwambani na kingo zisizotosha watu wawili kupishana. Njia ya masafa marefu ya GR 92, yenye alama za rangi nyeupe na nyekundu, hufuata vipande vingi vya njia hiyo, na kwa kuwa mstari wake huonekana wazi katika programu za ramani, wageni huidhani kuwa ya baiskeli. Ukiwapeleka watu kumi huko mwezi Agosti, mtashinda mmebeba baiskeli mabegani huku mkiwaomba radhi watembea kwa miguu, na watakuwa na haki ya kukasirika. Barabara ya lami ya GI-682, inayotoka Tossa de Mar kwenda Sant Feliu de Guíxols, ina mandhari ambayo sijaona mfano wake, lakini ni nyembamba, ina kona juu ya kona, na katika majira ya joto hujaa magari na pikipiki. Mimi huitumia alfajiri tu, tena kwa kipande kifupi.

Geuza basi macho yako upande wa bara. Nyuma ya Palamós na Palafrugell kuna vilima vya Les Gavarres, ambavyo kilele chake, Puig d'Arques, kina mita 532, na kusini yake, kati ya Llagostera na bahari, kuna vilima vya Ardenya, ambako Puig de les Cadiretes hufikia mita 519. Tarakimu hizo humdanganya mtu aliyekulia karibu na milima ya kweli. Mtu wa Mbeya au wa Nyeri atazicheka. Taabu ya vilima hivi haiko katika kimo chake bali katika kurudiarudia: unapanda mita mia moja na themanini, unashuka zote hadi korongoni, kisha unapanda tena, na mwisho wa siku umepanda mita elfu moja na mia tano bila kufika mahali popote panapoitwa juu. Kwa hiyo usipime njia kwa kilomita peke yake. Gawanya jumla ya mita za kupanda kwa idadi ya kilomita. Chini ya mita 10 kwa kila kilomita, kundi la wanaoanza litafurahi. Zikizidi 20, hiyo ni siku ya watu wenye mazoezi, hata kama umbali wenyewe ni kilomita 50 tu.

Mita hizo nazo si za aina moja, na hapa ndipo ufundi wa kusoma ramani unapoonekana. Vilima hivi vimefunikwa na misonobari pamoja na mialoni ambayo gamba lake hutengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo, gamba linalobanduliwa kila baada ya miaka 12 hadi 14 hivi, na Palafrugell pana jumba la makumbusho ya kazi hiyo. Njia za zamani zilizotumika kushusha magamba zilikatwa kwa kufuata ubavu wa kilima, kwa sababu mnyama mwenye mzigo hawezi mwinuko mkali. Katika ramani utazitambua kwa jinsi zinavyokwenda sambamba na mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye kimo kimoja, na kujipinda kila zinapokutana na korongo. Kando yake zipo njia zilizochongwa kwa tingatinga kwa ajili ya kuzuia moto wa msituni, ambazo hupanda mgongo wa kilima moja kwa moja na kuikata mistari ya kontua. Programu ya kupanga njia haizitofautishi; kwake zote ni njia za vumbi, na huchagua ile fupi zaidi, ambayo mara nyingi ni ya tingatinga, yenye mwinuko wa asilimia 18 na mawe yanayobingirika chini ya tairi. Kila unapoona mstari wa programu umenyooka huku kontua zimesongamana, ufute na utafute njia ya magamba iliyo karibu. Kazi hiyo moja, ambayo huchukua saa nzima mezani, itakuokolea malalamiko ya siku nzima.

Ukitaka uti wa mgongo wa njia zako, upo tayari. Reli nyembamba iliyounganisha Girona na Sant Feliu de Guíxols tangu mwaka 1892 ilifungwa mwaka 1969, na tuta lake sasa ni njia ya baiskeli ya karibu kilomita 40 inayopita Cassà de la Selva, Llagostera na Castell d'Aro. Treni haipandi kilima kwa ukali, kwa hiyo hata aliyechoka kabisa anaweza kurudi Girona kwa njia hiyo. Mimi hupanga vitanzi vinavyotoka kwenye reli hiyo, vikapanda Gavarres kupitia vijiji kama Romanyà de la Selva, kisha vikairudia tena, ili kila baada ya saa mbili aliyechoka aweze kuambiwa bila aibu, “Wewe fuata reli, tutakukuta Llagostera.”

Ardhi ya hapa inahitaji kusomwa kama unavyoisoma ramani. Sehemu kubwa ya Ardenya na pwani ya kati ni graniti iliyooza na kuwa mchanga mkavu wa chembe kubwa, ambao Wakatalani huuita sauló. Aliyezoea barabara za moramu za Afrika Mashariki atadhani anaufahamu, kisha utamshangaza, kwa kuwa tabia yake ni kinyume. Moramu ina udongo wa mfinyanzi, hivyo mvua ikinyesha hunata na kuteleza. Sauló hupitisha maji, na baada ya mvua ya wastani hushikana ikawa ngumu na tulivu, kiasi kwamba asubuhi inayofuata mvua ndiyo asubuhi bora ya kuendesha. Hatari yake iko kwenye ukame. Baada ya wiki kadhaa bila mvua, chini hubaki sakafu ngumu na juu yake hutandazwa chembe zinazobingirika, hasa upande wa nje wa kona, ambako matairi ya magari ya msitu huzisukuma na kuzirundika. Mwendesha baiskeli anayeshuka kwa kasi akiwa ameshika breki ya mbele ndani ya kona hiyo ataona gurudumu likimkimbia. Wafundishe watu wako kumaliza kupunguza mwendo kabla ya kona, kubaki kwenye mkondo wa magurudumu ya gari, na kuachia breki wanapojipinda. Wafundishe kwenye mteremko wa kwanza ulio mfupi, ukiwa umesimama pale ukiwatazama, si kwa maneno hotelini.

Kaskazini mambo hubadilika. Kwenye vilima vya Montgrí ni mawe ya chokaa yaliyochongoka, na Cap de Creus, ncha ya mashariki kabisa ya Hispania bara, ni miamba ya vibamba vyenye makali yanayochana ubavu wa tairi. Matairi ya milimita 40 hadi 45 yasiyo na tyubu, yenye dawa ya kuziba ndani, yanatosha kotekote, lakini huko juu beba pia tyubu mbili na kipande cha tairi kuukuu cha kuwekea ndani ya mpasuko. Kuhusu gia sitasema mengi: chagua nyepesi kuliko unavyoona fahari.

Upepo ndio unaopaswa kuamua uelekeo wa njia. Tramuntana hutoka kaskazini, hushuka milima ya Pirenei, na katika Empordà ya juu, yaani upande wa kaskazini wa pwani hii, huweza kupita kilomita 100 kwa saa, mara nyingi chini ya mbingu safi isiyo na hata wingu, ndiyo maana mgeni anayechungulia dirishani asubuhi hudhani siku ni njema. Ukivuma kwa nguvu, acha kabisa migongo ya Cap de Creus na ukae Gavarres, ambako miti hukinga. Upepo wa mashariki, Llevant, nao huleta mvua nzito, na makorongo makavu yanayoitwa riera, ambayo programu huyaonyesha kama vivuko vya kawaida, hujaa maji kwa muda mfupi mno. Dhoruba Gloria ya Januari 2020 ilibomoa daraja la reli juu ya mto Tordera, karibu na Blanes. Usimruhusu mtu ajaribu maji yanayokimbia kwa kuwa tu yanamfika magotini.

Msitu wenyewe una kanuni zake. Katika majira ya joto serikali ya Catalonia hutoa kila siku viwango vya hatari ya moto, na kiwango kikipanda sana baadhi ya milima huweza kufungwa; angalia kila jioni kabla ya kuthibitisha njia ya kesho, na uwe na njia mbadala. Katika vuli na majira ya baridi, hasa mwisho wa juma, wawindaji wa nguruwe mwitu huweka vibao kwenye midomo ya njia. Ukikiona kibao, geuza bila mjadala. Mashamba ya watu binafsi huzuiliwa magari kwa mnyororo uliotandazwa njiani usawa wa goti, mara nyingine baada ya kona yenye kivuli kizito ambako jicho lililotoka juani halioni kitu. Ukikagua njia, weka alama kwenye kila mnyororo, na siku ya safari tangulia mwenyewe.

Maji yanapatikana vijijini, kama Madremanya au Monells, lakini chemchemi za msituni hukauka kabla ya Agosti, na bomba lenye kibao cha “aigua no potable” si la kunywa. Maduka madogo mengi hufunga mchana kuanzia saa nane hivi hadi saa kumi na moja, kwa hiyo panga kufika kijijini kabla ya saa saba.

Limebaki suala la kurudi. Treni za mkoa huchukua baiskeli, lakini kati ya Blanes na Llançà hakuna reli inayoambaa na bahari. Reli hupita bara, kupitia Girona, Flaçà na Figueres. Mteja atakayeishiwa nguvu Palamós au Begur hana treni karibu, na dereva wa basi anaweza kumkataa akiwa na baiskeli. Kwa hiyo kila kipande cha baharini kiwekwe nusu ya kwanza ya siku, na njia imalizikie kwenye mojawapo ya stesheni hizo za bara. Siku za Tramuntana ya wastani, pandeni treni ya asubuhi hadi Figueres, kisha mshuke kusini hadi Flaçà upepo ukiwa mgongoni.