Kupungua huku mkila sufuria moja

Swali: Nina miaka 38, urefu sentimita 160, uzito kilo 86. Niliacha kabisa ugali, wali na chapati. Ndani ya wiki mbili nikapungua kilo 4, lakini mwezi haukuisha zikarudi zote. Nyumbani tuko watano, akiwemo mama mkwe mwenye kisukari na mtoto wa miaka 3, na siwezi kupika sufuria yangu peke yangu. Nifanyeje nipungue bila uzito kurudi? — Msomaji, Mbagala

Jibu: Pole dada, ila hujashindwa. Sehemu kubwa ya kilo zile hazikuwa mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takribani kalori 7,700, kwa hiyo kuchoma kilo 4 kwa siku 14 kungedai upungukiwe kalori 2,200 kila siku, ambacho ni karibu chakula chako chote. Kilichotoka zaidi ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika kama gramu 3 za maji. Ukiacha wanga akiba inaisha, maji yanatoka, mizani inashuka. Siku unarudia ugali, nayo yanarudi.

Basi ugali uendelee kuwepo. Cha kubadilisha ni kipimo chake, na kabla ya huo ugali, chupa ya mafuta ya kupikia.

Wengi hawayahesabu mafuta kwa sababu hayaonekani sahanini. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120, iwe ya alizeti, ya mawese au ya zeituni. Fanya jaribio hili: andika tarehe kwenye chupa mpya ya lita moja, uone inaisha lini. Ikiisha kwa siku 5 kwenye nyumba ya watu watano, kila mmoja anakula wastani wa kalori 330 za mafuta kwa siku, kabla hujahesabu maandazi ya dukani. Lengo ni lita hiyo ikae siku 10. Acha kumimina moja kwa moja toka kwenye chupa. Pima kwa kijiko. Kwa mboga ya watu watano, vijiko viwili vinatosha kuunga kitunguu na nyanya, na kikianza kushika chini weka maji kidogo badala ya kuongeza mafuta. Ukiunga kwa tui zito la nazi, mafuta ya chupa yasiingie kabisa siku hiyo. Samaki achemshwe au achomwe. Akikaangwa kwenye mafuta mengi anayanyonya.

Sasa ugali. Unga gramu 200, kiasi ambacho mtu mzima humaliza bila kushtuka, una kalori kama 720. Wewe chukua wa gramu 100. Huhitaji mizani ya jikoni: mkisonga kilo moja ya unga, gawa ugali ulioiva mafungu kumi yanayolingana, lako ni moja. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ya nyuzinyuzi, lakini kalori zake hazipishani sana, usiongeze fungu kwa kuwa ni dona. Wali wa mchana uwe kikombe kimoja ulioiva.

Pengo hilo usiliache wazi, maana njaa ya saa nne usiku ndiyo inayokurudisha kwenye chapati. Weka nusu kikombe cha maharage au choroko, au mayai mawili ya kuchemsha, au dagaa kiasi cha kiganja, halafu mchicha au matembele yajaze nusu ya sahani. Protini na nyuzinyuzi ndizo zinazokufikisha asubuhi.

Chai pia. Vikombe vitatu, kila kimoja na vijiko vitatu vya chai vya sukari, ni gramu 36 kwa siku. Shuka hadi kijiko kimoja kila kikombe, polepole, ndani ya wiki tatu.

Jumlisha: mafuta yanakupunguzia kalori kama 165, ugali 360, sukari 96. Ondoa 150 za maharage na mboga ulizoongeza, unabaki na upungufu wa kama 470 kwa siku. Tegemea kati ya robo na nusu kilo kwa wiki. Lengo la kwanza liwe kilo 80. Kushuka hapo tu kwa kawaida kunasaidia presha na sukari ya damu.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi ukitoka chooni, kabla ya chai. Usishtuke mizani ikipanda kilo moja baada ya samaki wa chumvi au unapokaribia hedhi, ni maji. Linganisha mwezi na mwezi. Uzito ukiganda wiki nne mfululizo, rudi kwanza kwenye tarehe ya chupa ya mafuta. Mara nyingi kijiko kimeshasahaulika. Kama kijiko hakijasahaulika, mwili mdogo unahitaji chakula kidogo kuliko ule wa kilo 86: punguza wali hadi robo tatu ya kikombe, ongeza nusu saa ya kutembea.

Mama mkwe asifuate kipimo chako bila kuonana na daktari wake. Kama anatumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, wanga ukipungua ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka akatetemeka, akatoka jasho, hata akazimia. Na mtoto hapunguziwi kitu: mpakulie ugali wake wa kumtosha, na kwenye mboga yake mwongezee kijiko cha karanga za kusaga baada ya wewe kujipakulia.