Wakikuita kwenye kikao cha mtaala, mtume fundi

Ukikaa na wenye karakana na viwanda, haipiti nusu saa kabla mtu hajasema vijana wanaotoka vyuo vya ufundi hawajui kazi. Nina karakana ya majokofu na viyoyozi hapa Mwanza, wateja wangu wakubwa ni hoteli na vyumba baridi vya samaki, na wanafunzi wa field, yaani wa mafunzo kwa vitendo, napokea kila mwaka. Lawama hizo nazielewa. Ninachouliza wenzangu ni kimoja: chuo kingejuaje unachotaka, na nani amekwenda kukieleza?

Wengi hujibu kwamba wanalipa SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi. Ni kweli, mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi anailipa juu ya mishahara yote, na hata iliposhushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 mwaka 2023 bado inauma. Lakini tozo inanunua mashine na kulipa walimu. Haimwambii mwalimu kwamba gesi ya kupozea imebadilika.

Na imebadilika kweli. R22 tuliyoizoea inaondolewa sokoni hatua kwa hatua chini ya Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni. Ikaja R410A, ambayo presha yake inazidi ya R22 kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo geji na mipira ya zamani ya kupitishia gesi haifai. Tena ni mchanganyiko wa gesi mbili: unaijaza ikiwa kimiminika, vinginevyo uwiano unaharibika. Sasa viyoyozi vingi vipya vinakuja na R32, na hiyo inaweza kushika moto. Kijana aliyefundishwa kutoa hewa kwenye mabomba kwa kufungulia gesi kidogo, badala ya kuvuta vakyumu, yaani kunyonya hewa yote kwa pampu, atakuharibia kompresa ya mteja. Tena si mjinga, anafanya alichofundishwa.

Hapo ndipo kikao cha mtaala kinapokuwa na maana. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na vyuo vingine huwaita waajiri kueleza kazi za fundi hatua kwa hatua, kisha mtaala unaandikwa kutokana na maelezo hayo. Barua ikifika, kampuni nyingi humtuma afisa utumishi. Naye, kwa nia njema kabisa, anasema vijana wawe na nidhamu, wajitume na wajue kompyuta. Hakuna mwalimu anayeweza kutunga mtihani wa vitendo kutokana na hayo. Mtume fundi wako mkuu, yule mwenye mafuta mikononi, hata kama hajazoea vikao. Mpe daftari la kazi za miezi ya karibuni aende nalo, akionyesha kwa kalamu zile zilizorudi kwa sababu hazikufanywa sawasawa. Kazi zilizorudi ndizo mtaala unaohitajika.

Kuhusu wanagenzi, yaani vijana wanaojifunza ufundi wakiwa kazini, kampuni za migodi zilitangulia. Zilikubaliana na VETA Moshi, vijana wakawa wanasoma chuoni kwa muda na kufanya kazi mgodini kwa muda, wote kwa viwango vya migodi. Sisi wadogo hatuna fedha za mgodi, ila utaratibu wenyewe tunaweza kuuiga. Mpe kijana fundi mmoja wa kumlea, na kitabu chake cha kazi kisainiwe na aliyeiona kazi ikifanyika, si na sekretari. Nauli na chakula cha mchana toa, maana kijana mwenye njaa juu ya ngazi ni hatari. Na fundi anayemlea mwongeze chochote mwisho wa mwezi. Usipofanya hivyo atamficha ujuzi, akiamini unamwandalia mrithi. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Wengine kati ya hao mafundi walijifunzia mtaani na hawana cheti. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: wanapimwa kwa wanachokijua, wanafundishwa kilichopungua, wanapewa cheti. Wapeleke. Mwanafunzi humsikiliza tofauti fundi mwenye karatasi, tupende tusipende.

Kuna msaada ambao naona una faida kuliko yote lakini hauombwi sana: mpokee mwalimu wakati wa likizo. Mwanafunzi mmoja ukimfundisha umepata fundi mmoja. Mwalimu akishika mwenyewe kadi ya umeme iliyoungua ya kiyoyozi cha inveta, kile kinachobadili kasi ya kompresa, anarudi na ujuzi huo kwa kila darasa litakalofuata. Kompresa mbovu usiwauzie wa vyuma chakavu zote, chuo kinazitaka za kupasulia.

Hata hivyo tusijipe chuo kizima. Nimewasikia waajiri wakitaka kijana afundishwe mashine za kampuni moja tu, zile walizonazo wao. Hilo ni jukumu lao baada ya kumwajiri. Chuo kimfundishe mzunguko wa gesi, umeme, na kusoma mchoro, vitu atakavyohama navyo hata akienda kwa mshindani wangu.

Na kama barua haijawahi kukufikia, usiingoje. Nenda chuo kilicho karibu nawe, mtafute mwalimu wa fani yako, mwombe akuonyeshe mtihani wa vitendo wa mwaka uliopita, na umwambie uko tayari kukaa kama mtahini kutoka nje. Nenda mchana, asubuhi wote wako karakana.