Pampu ya bluu inaisha kila mwezi, nimpe binti dawa gani?

SWALI: Habari dokta. Binti yangu ana miaka 16, anasoma bweni hapa Mafinga, ana pumu toka mdogo. Pampu ya bluu inaisha kila mwezi na bado baridi ya Juni ikiingia anabanwa usiku tunakimbizana hospitali. Wamemwandikia ya mchanganyiko, budesonide na formoterol, bei imenishtua, halafu naambiwa hizo ni steroidi akizizoea basi tena. Wengine wanasema nimpe montelukast, na kuna mama anauza dawa ya unga anasema inamaliza pumu kabisa. Kipi kinazuia kweli?

JIBU: Kamwene mama. Hilo la kila mwezi umelipitisha haraka haraka kama halina uzito, na mimi ndo limenishtua kuliko yote. Kopo la bluu, yaani salbutamol, lina mipulizo 200, likiisha kwa mwezi maana yake anapuliza mara sita saba kila siku. Anayemaliza makopo 3 kwa mwaka tayari yuko kwenye hatari zaidi ya kubanwa vibaya, anayefika 12 hatari ya kufa inapanda. Binti yako yuko kwenye 12.

Na hapa ndo kila siku ya kliniki nachoka. Watu wanaikimbia dawa inayotibu wanaikumbatia inayowatuliza tu. Pumu ni uvimbe ndani ya njia za hewa, bluu inalegeza misuli iliyokaza, mtoto anahema, nyumba nzima inashukuru Mungu, uvimbe uko palepale unasubiri baridi nyingine. Kinachoutuliza ni steroidi ya kuvuta, ndo hiyo budesonide. Sasa hiyo steroidi mnayoiogopa, mvuto mmoja ni kama mikrogramu 200, ila akibanwa mkamkimbiza usiku anamezeshwa prednisolone, steroidi ya vidonge, miligramu 40, yaani mara 200 ya ule mvuto, na hiyo inazunguka mwili mzima! Kwa hiyo mnaokwepa pampu kwa kuogopa steroidi ndo mnaishia kuzila nyingi kuliko wote. Na kuzoea hakuna, akiiacha pumu inarudi kwa sababu ilikuwepo.

Toka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unasema kuanzia miaka 12 mgonjwa asiachwe na bluu peke yake. Uzuri wa formoterol inafungua ndani ya dakika chache kama bluu, kwa hiyo pampu hiyo hiyo moja anavuta kila siku kama alivyoandikiwa na akibanwa anaongeza, kila akijiokoa anapata na kinga humo humo. Utafiti wa 2018 kwa wenye pumu nyepesi, waliovuta mchanganyiko huo wakibanwa tu walipata mashambulizi makali pungufu kwa zaidi ya nusu kuliko waliotumia ya kufungua peke yake. Ila soma kopo, zenye salmeterol badala ya formoterol ni za asubuhi na jioni tu, haziwahi kumwokoa mtu aliyebanwa.

Montelukast ni dhaifu kuliko steroidi ya kuvuta, na 2020 Marekani waliiwekea onyo zito kwa ajili ya ndoto mbaya, huzuni mpaka mawazo ya kujiua. Kwa binti wa 16 aliye bweni mbali na macho yako mimi siianzi.

Mfuko ukigoma, mwambie daktari wake akupe beclometasone, steroidi ya kuvuta ile ya kahawia, kila siku, na kila akipuliza bluu aifuatishe na kahawia. Hizo za kubonyeza avutie kwenye chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako tundu la umbo la mdomo wa pampu, ikae imebana, abonyeze mara moja avute taratibu kwenye mdomo wa chupa. Pampu ya unga, ile ya kuzungusha kitako, haitaki chupa, hiyo avute kwa nguvu. Zote za steroidi asukutue mdomo ateme, asipate utando mweupe. Na asilale karibu na jiko la mkaa hata baridi iwe ya Makete.

Sasa huo unga wa yule mama. Asali na tangawizi kunyweni, kikohozi kinalainika, pumu haiendi popote. Ila unga "unaomaliza pumu" ndani ya siku mbili tatu mimi nashuku moja kwa moja umesagiwa prednisolone au dexa (dexamethasone, nayo steroidi), maana hakuna jani linalofanya hivyo. Nawaona wanaletwa uso umekuwa duara, mama anasema dokta kanenepa kapona, kumbe presha juu, sukari juu, mifupa inaliwa, na muuzaji hajui hata kaweka kiasi gani. Hakuna dawa ya kumaliza pumu, iwe ya sokoni Mwanjelwa kule Mbeya au ya Njombe, anayekuuzia hiyo anakuibia.

Na kama ameshautumia kwa wiki kadhaa usiukate ghafla, mwili unakuwa umeacha kutengeneza steroidi yake na anaweza kuzimia. Mlete hospitali wiki hii, na hilo kopo la unga njoo nalo.