Dokezo Halimfungi Mtu: Kwa Wanaoandika Rasimu za Viwango

Hivi karibuni niliandikiwa na mhandisi kijana aliyeteuliwa kuwa katibu wa kamati ya kiufundi, yaani kamati inayoandika rasimu za viwango vya bidhaa, akiuliza kama kuna haja ya kuhangaika na mpangilio wa madokezo, yale maelezo mafupi ya nyongeza yanayowekwa chini ya vifungu, na wa mifano ilhali wajumbe wanataka rasimu ipite upesi. Nimeurudia ujumbe wake mara kadhaa, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulisemea jambo hilo kikaoni nikanyamazishwa.

Tulikuwa tukijadili rasimu ya kiwango cha mafuta ya kula. Chini ya kifungu cha vifungashio palikuwa na dokezo lililosema kwamba ndoo zilizokwisha kutumika kwa bidhaa nyingine zisijazwe mafuta. Nilinyoosha mkono nikaeleza kwamba katazo hilo limekaa mahali pasipolistahili, kwa kuwa kazi ya dokezo ni kufafanua tu, na likiachwa hapo halitakuwa na nguvu yoyote. Mwenyekiti alijibu kwamba hayo ni mambo ya mpiga chapa, wajumbe wakacheka, na kiwango kikapitishwa vivyo hivyo. Baadaye mkaguzi alimkuta mzalishaji akijaza mafuta katika ndoo zilizokuwa za rangi ya nyumba. Mzalishaji yule alifungua ukurasa, akaonyesha neno DOKEZO lililoandikwa kwa herufi kubwa, akasema kwamba dokezo halimfungi mtu. Kwa maandishi yalivyokuwa, alisema kweli, na ndiyo maana kicheko kile kinaniuma hadi leo.

Kanuni yenyewe haina utata. Sehemu ya 2 ya Maelekezo ya ISO na IEC, mashirika ya kimataifa ya viwango, ambayo ndiyo mwongozo wa uandishi wa viwango vyao, inataka dokezo lisibebe sharti wala jambo lolote ambalo bila hilo hati haiwezi kutumika, na hati iweze kutumika hata bila madokezo yake. Mfano nao haubebi sharti. Basi, kabla ya kufikiria ukubwa wa herufi, chukua nakala ya rasimu, ufute madokezo na mifano yote, kisha usome kinachobaki kwa macho ya mkaguzi. Likikosekana jambo analolihitaji ili kupima bidhaa, lirudishe ndani ya kifungu kwa lugha ya sharti. Fanya hivyo kwa kila rasimu, hata ile unayodhani unaijua kwa moyo.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni suala la maudhui, si la mpangilio. Sikubaliani nao hata kidogo. Kiwango cha HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kinachotunzwa na kikundi cha WHATWG, kinatangaza kwamba michoro, mifano na madokezo yake yote hayashurutishi, pamoja na sehemu zilizotajwa wazi kuwa hazishurutishi, na kwamba yaliyobaki yote yanashurutisha. Maana yake ni kwamba mwandishi akisahau kuitia aya alama ya dokezo, maelezo yake yanageuka kuwa sheria kwa watengenezaji wa vivinjari. Na akiitia aya ya sheria alama hiyo, sheria imefutika. Mpangilio ndio unaomwambia msomaji asimame wapi, kama mstari mweupe barabarani.

Ndiyo maana nasisitiza uthabiti. Usiandike DOKEZO ukurasa huu, kisha «Zingatia» ukurasa wa pili na «N.B.» kwenye kiambatisho. Madokezo yakiwa zaidi ya moja katika kifungu kimoja, yape namba, na namba zianze upya katika kifungu kinachofuata. Mifano ihesabiwe peke yake, isichanganywe na madokezo. Tengeneza mtindo mmoja katika programu ya kuandikia na uutumie kila mahali, kwa maana anayebadilisha herufi kwa mkono ataacha tofauti ambazo mwanasheria atazitafutia maana.

Zipo sehemu mbili zinazowatega hata wazoefu. Dokezo lililo chini ya fasili ya istilahi lina kanuni zake: hupewa namba hata likiwa peke yake, na linaweza kubeba masharti kuhusu matumizi ya istilahi hiyo. Tanbihi ya jedwali nayo, ile inayoitwa kwa herufi ndogo a, b, c, inaweza kubeba sharti, wakati dokezo la jedwali hilohilo haliwezi. Ukifananisha tanbihi na dokezo la jedwali kwa sura, umemwachia msomaji kazi ya kubahatisha.

Kwa katibu aliyeniandikia: orodhesha madokezo yote ya rasimu kwenye karatasi moja na uwagawie wajumbe kabla ya kikao. Akitokea wa kukuambia kwamba hayo ni ya mpiga chapa, mwombe asome moja kwa sauti na aseme kama mkaguzi anaweza kulisimamia, kisha usikubali rasimu ipelekwe kupigiwa kura kabla jibu lake halijaingia katika kumbukumbu za kikao.